The Fleece Inn: Nyumba ya Mkulima Iliyogeuka Baa ya Kijiji

Lola Taplin alipofariki mwaka 1977, baa aliyoiendesha peke yake kwa miaka mingi haikwenda kwa jamaa zake. Aliiachia National Trust, asasi iliyoanzishwa mwaka 1895 kutunza majumba na ardhi zenye historia nchini Uingereza. Zawadi hiyo ilikuja na masharti, na lililovuma kuliko yote ni hili: humo ndani zisiuzwe krispi za viazi.

Baa yenyewe ni The Fleece Inn, katika kijiji cha Bretforton, bonde la Evesham, Worcestershire. Anayelisikia sharti hilo kwa mara ya kwanza hucheka. Akishaijua historia ya nyumba, huelewa kwamba bibi huyo alikuwa analinda kwao.

Nyumba hiyo ilijengwa karne ya 15, na haikujengwa kwa ajili ya wanywaji. Ilikuwa ya mkulima aliyeishi na mifugo yake chini ya paa moja. Mafundi walisimamisha nguzo na boriti, wakafuma fito katikati, wakakandika udongo na kupaka chokaa juu yake. Ndiyo maana kuta zake hadi leo ni nyeupe zenye mistari myeusi, na kona iliyonyooka ni adimu.

Enzi hizo bia ilipikwa majumbani, aghalabu na wanawake. Ikiiva, mpishi alichomeka mlangoni mti wenye kitita cha majani, na majirani wakaja na vyombo vyao. Alikuwa mama pima wa Kiingereza. Baadaye hopsi, mmea uliotokea Uholanzi na nchi jirani, uliiwezesha bia kukaa muda mrefu bila kuchacha. Basi ikawezekana kupika nyingi na kuisafirisha mbali, na biashara ikaanza kuwatoka wanawake wa vijijini kwenda kwa wenye mitaji.

Serikali nayo haikukaa pembeni. Mwaka 1393, enzi ya Mfalme Richard II, wauza bia wa London walitakiwa kutundika alama nje ya milango yao ili wakaguzi wajue pa kuingia. Vibao vya picha vinavyoning'inia mbele ya baa za Kiingereza vina mizizi huko, na viliwafaa sana wateja wasiojua kusoma. Kuanzia mwaka 1552, muuza bia alipaswa kupata kibali cha mahakimu. Kisha mwaka 1830 Bunge lililegeza kamba: mlipa kodi yeyote aliweza kununua leseni ya bia kwa gini mbili. Watawala walitumaini kwamba bia ingewavuta watu waache jini, pombe kali iliyokuwa imewatia wasiwasi kwa muda mrefu. Maelfu ya sebule zikageuka baa.

Katika wimbi hilo, mwaka 1848, Henry Byrd Taplin, mzao wa familia iliyoimiliki nyumba ya Bretforton, aliifanya baa. Hakubomoa, wala hakujenga ukumbi. Wateja waliingia vyumba vile vile vya familia, wakakaa kando ya meko zile zile, na bado ndivyo ilivyo. Kwenye sakafu mbele ya meko kumechorwa miduara myeupe, kinga ya zamani ya kumzuia mchawi asishuke kupitia dohani. Kabatini kuna vyombo vya madini ya bati vya karne ya 17. Wenyeji husimulia kwamba viliachwa na jemadari Oliver Cromwell akielekea kwenye mapigano ya Worcester mwaka 1651. Hadithi hiyo haina ushahidi, ila haijawahi kukosa msimuliaji.

Kwa hiyo mvuto wa mahali hapa haukubuniwa na mtu. Umetokana na familia moja kukataa, kizazi baada ya kizazi, kuhamisha vitu vyake.

Nusura yote yateketee mwaka 2004, moto uliposhika paa la nyasi. Watu waliwahi kuvitoa vyombo na samani, na baada ya ukarabati mkubwa baa ilifunguliwa tena mwaka 2005. Leo haiendeshwi kama makumbusho. Msimu wa asparagasi, zao ambalo bonde la Evesham linajivunia, hufanyika mnada hapo hapo, na vitita vya mboga hiyo hununuliwa kwa bei isiyo ya sokoni kwa sababu fedha huisaidia bendi ya kijiji.

Baa nyingi za vijijini hazikuwa na bahati hiyo. Kipimo cha ulevi kwa madereva, kilichoanza mwaka 1967, kiliwapunguza waliokuja kwa gari. Bia ya supamaketi ni nafuu, kodi imepanda, na kuanzia mwaka 2007 mvutaji sigara hutolewa nje kwenye baridi. Ikifungwa, baa huuzwa kama nyumba ya kuishi, na kijiji hukosa pahala ambapo mkulima, mwalimu na fundi bomba hukaa meza moja.

Baadhi ya vijiji vimeamua kujiokoa. Mwaka 2003, wakazi na marafiki zaidi ya mia moja wa Hesket Newmarket, kaskazini huko Cumbria, walichangishana wakainunua baa yao, The Old Crown, ikawa ya kwanza Uingereza kumilikiwa kwa ushirika. Sheria ya mwaka 2011 ikaongeza nguvu: jamii inaweza kuomba baa yake iorodheshwe, na ikitangazwa kuuzwa, wanakijiji hupewa muda wa kutafuta fedha. Ushirika una usumbufu wake, lakini pia una faida isiyopatikana kwingine. Mteja wa The Old Crown mwenye hisa akiona bia haifai, hana haja ya kuuliza mwenye baa yuko wapi.