Kidole Kilichoteleza

Sisi tunaopiga kinanda kanisani twaijua hofu ile: kidole kikiteleza katika ubeti wa kwanza, twatamani ardhi ipasuke itumeze. Wako waliofunga kinanda wasikiguse tena.

Vladimir Horowitz, mpiga piano mashuhuri mzaliwa wa Kiev, naye aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1953, akakaa miaka 12. Maradhi yalikuwapo, wasiwasi pia ulikuwapo. Alirudi tarehe 9 Mei 1965 katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Watu walikuwa wamekesha barabarani kungoja tikiti. Akaanza na muziki wa Bach, uliotengenezwa kwa piano na Busoni, na mara akagonga sauti zisizo zake. Hakusimama. Kutokosea ni jambo moja, kupiga vizuri ni jambo jingine, na siku ile watu walisikia lile la pili.

Hata hivyo, santuri ilipotolewa, baadhi ya makosa yalikuwa yamerekebishwa. (Hatumlaumu, sisi tungefanyaje?) Horowitz alifariki mwaka 1989. Mwaka 2003 ndipo muziki ule ulitolewa kama ulivyopigwa, na vidole vikiteleza palepale vilipoteleza. Huo ndio tunaousikiliza.