Breki ya Baiskeli: Ilikotoka, na Kwa Nini Gurudumu Lisikwame



Wiki iliyopita muuza samaki mmoja wa hapa Magomeni alinisimamisha njiani, kiwiko kimefungwa bandeji. Alikuwa anateremka na tenga la samaki kwenye keria, akafika mahali mchanga umetanda juu ya lami. Mbuzi akakatiza. Akabana breki ya mbele kwa nguvu zote, gurudumu likakwama, baiskeli ikateleza, na mzigo wa siku nzima ukaishia mchangani. Akaniuliza: "Bwana shamba, kijana wangu kanionyesha kwenye simu baiskeli ya Ulaya ambayo gurudumu lake halikwami hata ubane vipi. Ni kweli hiyo?"

Ni kweli, mzee wangu. Lakini kabla hujaanza kuitamani, sikiliza ilikotoka. Ndani ya historia hiyo kuna jambo unaloweza kulitumia leo bila kutoa hata shilingi.

Breki za kwanza

Baiskeli za zamani zilikuwa na kipande cha chuma kinachokandamiza tairi kwa juu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujaza upepo. Tairi hilo lilikuwa laini na jepesi, lakini chuma kililila haraka. Ndiyo maana mafundi wakaihamishia breki kwenye ringi. Kwa hiyo wewe unayesimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi na kandambili, fahamu kwamba unatumia breki ambayo wenzako waliikimbia zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ikaja breki ya fito za chuma, ile unayoijua kwenye Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China na Hero ya India. Unavuta mkono, fito inavuta raba, raba inabana ringi. Ilidumu vijijini kwa sababu haina waya wa kukatika, na fundi aliye chini ya mwembe anaweza kuinyoosha kwa koleo. Ubaya wake ni mvua: ringi ya chuma ikilowa, raba inateleza na baiskeli inachelewa kusimama. Breki za waya zilizofuata zinashika upesi zaidi, ila zimeleta hatari nyingine. Ukibana ghafla, gurudumu linakwama.

Kutoka kwenye ndege hadi kwenye baiskeli

Gurudumu linalozunguka linashika njia na kukuruhusu kukata kona. Likikwama, linaburuzika, na usukani haukutii tena. La mbele likikwama penye mchanga, kuanguka ni jambo la sekunde moja.

Waliolitafutia dawa tatizo hili mapema ni watu wa ndege. Ndege ikitua kwenye njia yenye maji, magurudumu yakikwama inateleza na tairi zinapasuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni yenye jina la Dunlop yuleyule ilitoa kifaa kilichoitwa Maxaret. Kilihisi gurudumu linapopungua mwendo ghafla, kikalegeza breki kidogo, kisha kikabana tena. Legeza, bana, legeza, bana, kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauifikii.

Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa namna hiyo unaoongozwa na umeme kwenye magari ya Mercedes-Benz. Mwaka 1988 BMW wakauweka kwenye pikipiki. Mwaka 2017 Bosch wakautangaza kwa baiskeli za umeme. Vihisio kwenye magurudumu vinapima mwendo, na gurudumu la mbele linapokaribia kukwama, mtambo unalegeza breki yake.

Mtambo huo unahitaji betri, breki za mafuta na fundi mwenye vifaa vyake. Baiskeli zetu za kubebea korosho, nazi na muhogo hazina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo usiungoje.

Fanya hivi kwa mkono wako

Kazi ya mtambo ule ni kuzuia gurudumu lisikwame. Hutaweza kuwa na kasi yake, lakini kanuni yake unaweza kuifuata:

1. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Ukishashika kasi ukiwa na gunia nyuma, umechelewa.
2. Anza na breki ya nyuma, kisha ongeza ya mbele taratibu. Usibane kwa mkupuo.
3. Ukisikia gurudumu linaburuzika, legeza kidogo lizunguke, kisha bana tena.
4. Penye mchanga, usibane breki ya mbele ukiwa unakata kona. Nyoosha baiskeli kwanza.
5. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema na kwa wepesi ili raba ifute maji kwenye ringi.
6. Usipake mafuta kwenye ringi kwa kuogopa kutu. Yakiingia, osha kwa sabuni.
7. Badilisha raba kabla chuma hakijagusa ringi, na angalia waya kama umeanza kuchanika nyuzi.
8. Mteremko ukiwa mkali na mzigo mzito, shuka ukokote baiskeli. Hakuna atakayekucheka ukifika sokoni na mzigo wote.

Nayasema haya sasa kwa sababu msimu wa korosho unakaribia. Mkulima akivunjika mkono mwezi Oktoba, korosho zinabaki chini ya mikorosho, mvua za kwanza zinazikuta hapo na daraja linashuka. Nimeona familia ikipoteza pato la mwaka mzima namna hiyo, na raba za breki zilikuwa zimekwisha tangu Julai.

Yule mzee wa samaki nilimpeleka kwa fundi siku ileile. Raba ya nyuma ilikuwa imeisha kabisa, ndiyo maana alizoea kutegemea ya mbele peke yake. Kesho asubuhi, kabla hujafunga mzigo, inama uziangalie za kwako.