Mgongano wa mafaili: Git inaona nini, na nini haioni

Maneno matatu yanawania nafasi moja katika Kiswahili cha kompyuta: mgogoro, ukinzani na mgongano. Yote hutumika kueleza hali ya watu wawili waliohariri faili moja, na programu ya kudhibiti matoleo ikashindwa kuunganisha kazi zao. Mimi nashika mgongano. Sababu yangu imo katika utendaji wa Git, programu ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kuendeleza Linux.

Kwanza programu lazima ijue faili lipi limebadilika. Git haisomi kila faili upya kila mara, kwani kazi ingekwenda polepole mno. Huweka kumbukumbu ya ukubwa wa faili na saa lilipoandikwa mara ya mwisho. Vikilingana na vilivyopo diskini, faili huhesabiwa kuwa halijaguswa. Hapo pana mwanya. Faili likibadilishwa papo hapo baada ya kusajiliwa, na ukubwa wake ukabaki uleule, kumbukumbu itadanganya. Miongoni mwa majaribio ya Git yenyewe limo moja, t0010-racy-git.sh, linalouwinda mwanya huo: linaandika neno frotz kwenye faili, linalisajili, kisha mara moja linaweka xyzzy mahali pake. Herufi tano kwa tano. Git ikijibu kwamba hakuna tofauti, imefeli. Kinga yake ni kwamba saa ya faili isipokuwa ya nyuma kuliko saa ya kumbukumbu, Git haiiamini tena, bali husoma yaliyomo. Nalithamini sana jaribio hili, maana programu ikinyamaza pale penye badiliko, kazi ya mtu inaweza kuachwa nje bila yeye kujua.

Mgongano wenyewe hupimwa kwa matoleo matatu: la asili, langu na la mwenzangu. Tuseme asili ina mstari bei = 500. Mimi nikiandika 600 na mwenzangu asiuguse, 600 itapita. Sote tukiandika 600, itapita pia. Mwenzangu akiandika 700, Git husimama na kuacha yote mawili ndani ya faili: langu chini ya alama saba za <, lake juu ya alama saba za >, na = saba zikiyatenga. Katika ripoti fupi ya Git, hali ya faili husomeka UU. Anayeijaribu Git asiishie hapo. Apime pia mistari inayopakana, ambayo kwa kawaida nayo hugongana hata kama hakuna mstari mmoja uliohaririwa na wote wawili.

Ukinzani ni jambo jingine. Mimi nimebadilisha jina la funksheni jumlisha kuwa jumla, na kila mahali ilipoitwa nimerekebisha. Siku hiyohiyo mwenzangu ameongeza faili jipya linaloita jumlisha. Kazi zetu zinakinzana kabisa, lakini hazikukutana kwenye mstari wowote, kwa hiyo Git itaziunganisha kimya, na programu itakwama ikiendeshwa. Tukiuita ujumbe wa Git ukinzani, mwanafunzi ataamini kwamba ujumbe usipotokea, kazi zinapatana. Mgogoro nao huwasingizia ugomvi watu ambao huenda hata hawajui kwamba wamehariri faili moja.