Spock Aliyekufa Mara Mbili

Ukitaka kujua mhusika ni mali ya nani, jaribu kumuua. Paramount walijaribu. Kabla ya Star Trek II: The Wrath of Khan kutoka mwaka 1982, habari zilivuja kwamba Spock anakufa. Mashabiki wakaja juu. Na hawa hawakuwa watu wa kupuuzwa: mwaka 1968 barua zao zilisaidia kukiokoa kipindi chenyewe kisifutwe kwenye televisheni.

Sasa mwongozaji, Nicholas Meyer, afanyeje? Filamu inaanza, na mara Spock anaanguka, amekufa. Kumbe ni mazoezi ya wanafunzi tu! Mtazamaji anashusha pumzi, anadhani uvumi umeishia hapo. Kifo chenyewe kinamkuta mwishoni, ameshajisahau: Spock anaingia kwenye mionzi kuiokoa meli, kisha anaagana na Kirk, kioo kikiwa kati yao.

Lakini kuna ile picha ya jeneza likiwa salama kwenye sayari mpya. Iliongezwa baadaye, Meyer mwenyewe akiipinga. Mwaka 1984 Spock akafufuka, na mjadala ukahama: kifo gani hicho, kama mtu anarudi?

Mimi nasema kilikuwa kifo. Ufufuo wa bure ndio unaoharibu hadithi, na huu haukuwa wa bure. Ili kumrudisha rafiki yake, Kirk alimpoteza mwanawe David, halafu akailipua Enterprise kwa amri yake mwenyewe. Deni lililipwa, ila aliyelilipa siye aliyekufa.