Kabla ya Ghorofa za Ngara Palikuwa na Pangani

Sheria ya Machi 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ukipita Park Road, Ngara, jijini Nairobi, utaziona nyumba za mpango huo: 1,370, palipokuwa na makazi ya watumishi wa serikali. Tunasifu ghorofa hizi kana kwamba mfanyakazi wa hapa hakuwahi kuwa na paa. Aliwahi, tena alilijenga mwenyewe.

Reli ilifika Nairobi 1899. Wahindi wa reli walipata nyumba Ngara. Waafrika wa reli wakaja kujengewa nyumba za Muthurwa zilizoitwa landhi. Wengine walijitegemea, na hapo jirani na Ngara kikakua kijiji cha Pangani.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, anawatazama zaidi akina mama waliojenga vijiji kama hivyo, nami naona ametenda haki. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, paa ni madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kugongwa hadi yakalala bapa. Ukumbi mwembamba ulipita katikati, vyumba huku na huku. Mama mwenye nyumba alilala kimoja, vilivyobaki akapangisha vibarua. Kodi hiyo ndiyo iliyomlisha uzeeni.

Serikali ya kikoloni ilitaka Pangani ivunjwe tangu mtaa wa Waafrika wa Pumwani ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wenye nyumba waling'ang'ana hadi mwisho wa miaka ya 1930, kijiji kikabomolewa. Walijengewa vyumba upande wa mashariki, wakaruhusiwa kuvikalia maisha yao tu; mtoto asirithi. Inasimuliwa kuwa waliambiwa kuhama au kutohama ni shauri la moyo wao. Mtaa ukaitwa Shauri Moyo. Lakini moyo ungeamua nini, na nyumba imeshawekewa siku ya kuvunjwa?

Baada ya uhuru jiji lilikua kuliko nyumba zake. Miaka ya karibuni nyumba za zamani za baraza la jiji katika mtaa wa leo wa Pangani zilivunjwa kupisha ghorofa, familia 48 zikahamishwa.

Sasa Shauri Moyo nayo imo katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Wajukuu wa Pangani wanastahili karatasi mkononi, yenye jina na namba ya nyumba watakayorudia, kabla tingatinga halijawashwa.