Mshipa wa fahamu unapobanwa katikati ya mgongo

MAUMIVU ya mgongo si jambo geni katika wadi ya Chewele, eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River, ambako wengi huishi kwa kulima na kufuga. Mara nyingi chanzo huwa ni uchovu wa misuli. Hata hivyo, yapo maumivu yatokanayo na kubanwa kwa mshipa wa fahamu, na haya hayafai kupuuzwa.

Sehemu ya kati ya mgongo ina pingili 12, na kila moja imeshikana na mbavu. Kati ya pingili hutoka mishipa ya fahamu inayozunguka kifua na tumbo. Mshipa ukibanwa, mgonjwa huhisi maumivu makali au ya kuchoma yanayotoka mgongoni na kufuata ubavu hadi mbele mithili ya mshipi, pamoja na ganzi. Kukohoa au kujipinda huyazidisha.

Kwa kuwa mbavu huimarisha sehemu hiyo, diski huteleza hapo kwa nadra kuliko kiunoni. Ndiyo maana mganga hutafuta pia visababishi vingine: kuanguka, uvimbe, mifupa kudhoofika uzeeni, na hasa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maradhi haya, yaliyoelezwa na mpasuaji Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, hupenda kushambulia pingili za kati na za chini. Huzila polepole hadi kibyongo kikatokea, na mgonjwa anaweza kupooza miguu. Si lazima awe na kikohozi.

Brusela nayo, ambayo huambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa mifugo iliyoharibu mimba, huweza kuingia katika uti wa mgongo. Mkanda wa jeshi huleta maumivu yanayofanana na haya siku chache kabla ya malengelenge kutokea.

Iwapo hakuna dalili ya hatari, maumivu mengi hupungua katika muda wa wiki kadhaa. Mgonjwa apunguze kubeba mizigo mizito na kuinama kwa muda mrefu, lakini asilale kitandani siku nzima. Kutembea kidogo kidogo humfaa zaidi. Kitambaa chenye joto husaidia, na vile vile parasetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa. Wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito wasimeze ibuprofeni bila ushauri wa mganga.

Mgonjwa afike hospitalini bila kuchelewa endapo ana homa ya muda mrefu, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia usiku au kibyongo. Miguu ikilegea, au mkojo na choo vikishindwa kuzuilika au kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua yanayoandamana na kukosa pumzi huenda yakawa ya moyo; nayo hayangoji.

Kukandwa kwa nguvu au kunyooshwa mgongo kabla ya uchunguzi ni hatari, kwani pingili iliyokwisha kuliwa huweza kuvunjika na kuukandamiza uti.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma nchini Kenya. Matibabu ya mifupa huchukua takriban miezi 12, na mgonjwa hapaswi kuyakatiza hata akipata nafuu. Anayeanza dawa mapema ana nafasi kubwa ya kuepuka kupooza.