Bondeni na Wageni Wake

Wenyeji wa Mbeya wanapotaja Bondeni, mara nyingi huwa na maana ya tambarare ya Kyela, pale nchi inaposhuka kutoka Tukuyu na kukoma kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Kaskazini umesimama mlima Rungwe, wenye urefu upatao mita 2,960. Mashariki iko safu ya Milima ya Livingstone, ambayo huteremka wima hata ziwani. Magharibi ni vilima vya Undali. Kusini ni ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilometa zipatazo 570 na kina cha karibu mita 700. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio huleta maji na rutuba ya milimani, na mvua ni nyingi kuliko katika sehemu kubwa ya Tanzania. Leo nchi hii inasifika kwa mchele na kakao. Zamani ilisifika kwa ndizi, ng'ombe na samaki.

Katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, Bondeni huitwa nchi ya mbali, iliyojificha nyuma ya milima, ambayo kuifikia kulikuwa ni ushujaa. Maelezo hayo yamesomwa mashuleni kwa muda mrefu pasipo kuulizwa swali moja jepesi: mbali na wapi? Kwa mtu wa London, Kyela ilikuwa mbali sana. Kwa mvuvi wa Ikombe, mfua chuma wa Ukinga na mchunga ng'ombe wa Mwaya, Kyela ilikuwa katikati ya dunia yao, na London ndiyo iliyokuwa mbali. Insha hii inakusudia kuzitazama safari hizo kutoka upande wa wenyeji, ili tujue wageni waliona nini, hawakuona nini, na sifa walizoandika zilizaa nini.

David Livingstone alilifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859, na mwaka 1861 alisafiri kwa mashua akifuata ufuko wa magharibi, lakini aligeuka kabla ya kufika ncha ya kaskazini. Mwaka 1875 E. D. Young alilizunguka ziwa kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ilala, na ile safu ya mashariki akaipa jina la Livingstone. Hivyo milima ile ikachukua jina la mtu ambaye hakupata kuikanyaga. Mwaka 1877 Frederic Elton, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alishushwa na meli hiyo hiyo kaskazini mwa ziwa pamoja na wenzake, akapanda milimani akielekea pwani ya Bahari ya Hindi. Hakufika. Alifariki Ugogo mwezi Desemba mwaka huo, na habari za safari yake zikachapishwa mwaka 1879. Jina lake nalo lilibandikwa juu ya uwanda wa Kitulo, likakaa huko kwenye ramani kwa miaka mingi.

Mwaka ule wa 1879 akaja Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21. Msafara wake ulitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, nao uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei chini ya Keith Johnston. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni, na uongozi ukamwangukia Thomson. Yeye na wapagazi wake walipitia Uhehe, wakavuka milima, wakashuka ziwani mwezi Septemba.

Hapa yafaa tutue kidogo, kwa maana msafara haukuongozwa na Thomson peke yake. Mnyapara wake mkuu alikuwa Chuma, Myao ambaye alikombolewa utotoni, mwaka 1861, kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa katika nyanda za juu za Shire, kusini mwa ziwa. Huyu ndiye Chuma ambaye pamoja na Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Alijua lugha kadhaa, alijua adabu ya kuingia katika mji wa mtawala, alijua namna ya kuwatuliza wapagazi wenye njaa na namna ya kugawa zawadi bila kuzua ugomvi. Thomson alijua kutumia dira na kuandika daftari. Bila dira msafara ungeweza kufika. Bila Chuma, ni vigumu kuona ungefikaje. Hata hivyo ukitazama ramani ya zamani hutaona mlima wala uwanda ulioitwa Chuma.

Basi wageni hawa waliona nini? Waliona migomba iliyofuatana kama msitu uliopandwa kwa mkono. Waliona nyumba za mianzi na udongo zilizojengwa kwa ustadi, viwanja vilivyofagiliwa, ng'ombe wanono waliolala ndani ya nyumba pamoja na wenye mali. Thomson alistaajabu sana, akaisifu nchi hiyo kana kwamba ni bustani ya amani ambayo washairi wa Ulaya waliiota tu. Sifa hizo hazikuwa uongo. Lakini zilikuwa sifa za mpita njia: mwanzoni mwa Novemba Thomson alikuwa tayari amefika Ziwa Tanganyika.

Mpita njia huona uwanja uliofagiliwa, lakini si rahisi aone sheria inayoufagia. Unadhifu ule ulikuwa matunda ya mpango maalumu wa maisha. Miongoni mwa Wanyakyusa, vijana wa kiume walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao usiku, wakaanza kujenga kijiji chao wenyewe pembeni. Mchana walichunga na kulima, na kula walikula kwa wazazi, lakini kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa, wake zao waliletwa katika kijiji hicho hicho. Hivyo jirani ya mtu alikuwa rika lake. Baada ya kizazi kimoja, sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka ilifanywa, na uongozi wa nchi ukakabidhiwa kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto wao.

Maarifa haya hayakupatikana kwa majuma machache. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakajifunza lugha, na Monica akachapisha kitabu juu ya vijiji hivyo vya rika mwaka 1951. Neno alilolitilia mkazo ni ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kuzungumza, kula na kunywa nao kwa adabu. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Kwa Wanyakyusa, hekima ilipatikana katika mazungumzo ya rika, na mtoto asiyekaa na wenzake alihesabiwa kuwa hakufundwa.

Aidha, jembe halikuachiwa wanawake peke yao. Wanaume na wana wao ndio waliolima na kutifua ardhi, na wanawake wakapanda na kupalilia. Ng'ombe alitoa maziwa, alilipa mahari, alichinjwa matangani. Mfugaji wa Bondeni hakuwa mtu wa kuhamahama. Alikuwa mkulima mwenye ng'ombe, aliyefungwa na migomba yake.

Sasa tugeukie ufukoni. Upande wa Matema na Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, wanaishi Wakisi. Hapo mlima huingia majini, na ardhi ya kulima ni haba mno. Watu wengine wangehama. Wakisi walibaki, wakaligeuza ziwa kuwa shamba lao. Wanaume walichonga mitumbwi ya mti mmoja na kuvua. Wanawake wakafinyanga vyungu bila gurudumu la mfinyanzi, wakiuzungusha udongo kwa mkono hata ukuta wa chungu ukawa mwembamba na sawasawa, kisha wakavichoma katika moto wa wazi. Vyungu hivyo vilipakiwa mitumbwini, vikapelekwa Matema na Mwaya, vikabadilishwa kwa ndizi na nafaka. Hata leo ufinyanzi huu ungalipo.

Wakinga wa juu milimani nao waliyeyusha chuma na kufua majembe, wakashuka nayo Bondeni kutafuta chakula na mifugo. Kwa hiyo jembe lililotifua shamba la Mnyakyusa lilitoka Ukinga, chungu kilichopikia ndizi zake kilitoka kwa Mkisi, na samaki waliokuwa chunguni walitoka ziwani au mitoni. Majira ya mvua mbasa huliacha ziwa na kupanda mito ili kutaga mayai, na watu wa kando ya mito waliwangoja kwa nyavu na migono. Nchi iliyofungamana kwa jembe, chungu na samaki kiasi hiki haikuwa na upweke wowote. Njia zake zilikuwa nyingi; ila hazikuelekea Ulaya.

Hata hivyo tusije nasi tukaanguka katika kosa la wageni kwa kuigeuza Bondeni kuwa peponi. Mafuriko yalikuwa yakichukua nyumba na mazao, kama yanavyofanya hata leo. Homa ya malaria iliua watoto. Wasangu wa mtawala Merere waliteremka kutoka kaskazini kuteka ng'ombe na watu. Ndani ya vijiji vyenyewe, hofu ya uchawi iliweza kuvunja ujirani na kumfukuza mtu kwake. Ule ukwangala uliosifiwa haukuwa hali ya kuzaliwa nayo. Ulikuwa jitihada ya kila siku ya watu waliojua jinsi ugomvi ulivyo karibu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Bondeni alipona? Kitabu cha Thomson kilitoka mwaka 1881. Vitabu vya namna hiyo vilisomwa na wafanyabiashara, na wamisionari, na wakuu wa serikali. Nchi yenye rutuba, ng'ombe na watu wapole haikuweza kusifiwa mbele ya mataifa yenye tamaa ya makoloni pasipo mtu kuitamani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliofanya mto Songwe kuwa mpaka. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela, ambao ni ndugu kwa lugha na kwa asili, wakaamka wakiwa chini ya bendera mbili. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wale wa Kimoraviani waliingia kutoka upande wa ziwa na kujenga vituo vyao. Nyuma yao zikaja boma na kodi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 sotoka, ambayo ilienea katika Afrika Mashariki yote, iliangamiza ng'ombe wale wale walioshangiliwa vitabuni.

Si haki kusema kwamba Thomson alikusudia hayo. Aliandika alichokiona, na aliandika kwa upendo. Lakini historia haipimi nia peke yake. Tangu alipoondoka ziwani mpaka siku mpaka ulipochorwa ilipita miaka isiyozidi kumi na mmoja. Mto Songwe nao, kama kwamba unakataa kuamriwa, umekuwa ukihama njia yake kwa mafuriko, na kuwaacha wakulima wakiuliza mashamba yao yako nchi gani.

Je, basi tuvitupe vitabu vya wasafiri? La, hasha. Ndivyo vinavyotueleza nyumba za mwaka 1879 zilivyojengwa, na hakuna picha ya kamera inayoweza kushika mahali pake. Tunachopaswa kufanya ni kuvisoma kama tunavyomsikiliza shahidi barazani: tunamshukuru kwa alichokiona, kisha tunamwuliza alisimama wapi, alikaa kwa muda gani, nani alimtafsiria, na alitaka nini. Shahidi aliyekaa majuma machache hawezi kuaminiwa sawasawa na mfinyanzi aliyepokea kazi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake.

Mwanafunzi wa Kyela, Rungwe au Ludewa anayo nafasi ambayo Thomson hakuwa nayo. Anaijua lugha, wala hana haraka ya kufika Tanganyika. Aende kwa mfinyanzi wa Ikombe amwulize udongo huchimbwa wapi na huchanganywaje. Aende kwa mzee mvuvi amwulize ni ishara gani za mto zilizomwambia kwamba mbasa wanapanda. Aulize milima ile iliitwaje na babu zake kabla haijaitwa Livingstone. Jina la Elton limekwisha kuondoka Kitulo, na tangu mwaka 2005 uwanda ule ni hifadhi ya taifa yenye jina lake la asili. Hayo yaliwezekana kwa sababu palikuwa na watu ambao bado walilikumbuka jina hilo. Majina mengine ya Bondeni yangali vinywani mwa wazee tu, na wazee hawatatungoja.